Kosa Moja kwa Kila Marehemu

Habari ya kufa kwa baba mukubwa ilinikuta soko la Mununga, nikianika chisense, wale samaki wadogo tunaokausha kwenye muchanga. Ilikuja kwa vocal, ujumbe wa sauti. Mikono yangu ilikuwa imejaa samaki, basi nilibonyeza telefone kwa kiwiko, na sauti ya Florentine, binti yake, anayeniita yaya, dada mukubwa, ikatoka mbele ya wachuuzi wote. Alinisalimia. Akauliza kama Mununga kuna mvua. Akasema mbuzi wa jirani wamekula maboga yao, na kweli mbuzi walisikika nyuma yake. Kisha akasema:

"Yaya Régine, papa ametutoka. Alikuwa anakaa kwenye kiti ya kioske. Mutu moja akaita chumvi, akaita tena, akafikiri analala. Ukuje."

Halafu akanitakia muchana mwema.

Nilikaa juu ya gunia. Jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba yeye mwenyewe angeikataa habari hiyo. Papa Mulumba Albert hakusikiliza vocal hata siku moja. Ukimutumia vocal, anajibu: "Andika." Siku mutoto wangu aliposhikwa na homa nilimutumia vocal nikilia. Akajibu "Andika", kisha akapanda baiskeli akaja mwenyewe kumuona mutoto.

Alikuwa kaka mukubwa wa baba yangu. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, kwetu Wakongomani, upande wa Pweto, akasoma secondaire mpaka mwaka wa nne, akafundisha watoto wa primaire. Hakulipwa, akaacha. Akarudi kufundisha, hakulipwa tena. Vita ilipotufukuza mwaka wa 2017 tulivuka pamoja, tukakaa kambini, na baadaye akafungua kioske Kashikishi, karibu na soko la samaki: chumvi, sabuni, betri.

Kila mahali alipofika, aliuliza watoto swali moja tu: unasoma? Upande huu wa ziwa watu wanasema Kibemba, basi akaamua kuuliza kwa Kibemba. Kusoma shuleni, kwa Kibemba, ni kusambilila. Alilisikia neno vizuri, akashika nusu. Sasa kusamba ni kuoga. Kwa hiyo kiangazi kizima baba mukubwa alisimamisha watoto njiani na kuwauliza, kwa sauti ya mwalimu, kama wanaoga. Waliosema ndiyo, aliwapongeza na kuwaambia wasiache mpaka wafike université. Waliosema hapana, aliwafuata mpaka kwa wazazi.

Mama mumoja alimupiga mutoto wake. Mwingine alikuja kioske kuuliza ni nini hasa alichoona, ao alichonusa. Mwishowe Ba Misheck, mukubwa wa kijiji, akamuita na kumueleza. Baba mukubwa akamushukuru, akamuomba aandike maneno yote mawili kwenye karatasi ya sabuni, akaenda nayo. Tangu siku hiyo watu wa Kashikishi walimuita Ba Samba, yaani Bwana Kuoga, na yeye aliitika.

Lakini kazi yake ya kweli ilikuwa makaburini. Kwetu mutu akizikwa, mutu anasimama kando ya kaburi na kusoma maisha yake: alizaliwa wapi, alifanya nini, anaacha nani. Baba mukubwa ndiye aliyeandikia Wakongomani wote wa hapa. Alikuwa na desturi moja tu, na hakuna aliyeweza kumutoa kwayo. Ndani ya kila maisha aliweka kosa moja la marehemu. Si mawili. Moja. Alisema ni lazima watu wajue ni huyu wanayemuzika, si mwingine.

Watu walivumilia muda murefu. Kisha alikufa Mama Priscille, aliyeuza samaki Puta na Kashikishi, na baba mukubwa akasoma: "Alilisha yatima wanne katika nyumba yake. Alifunga na kuomba. Samaki wa jana aliwaita wa leo." Nyuma watu walicheka mpaka wakatoa machozi, kwa sababu wote walikuwa wamemunulia, na kutoka hapo wakaanza kumulilia kweli. Mbele, mukwe wake alishika pelo ya kufukia kaburi. Ilimupata Pasta Pitchou wa kanisa letu kwenye goti, naye alikuwa amekuja kutuliza.

Baada ya hapo Pasta alikataza makaratasi makaburini. Familia zikaanza kutumia video: picha za marehemu kwenye telefone kubwa, muziki, na sauti ya kijana fulani anayesema marehemu hakuwa na doa. Maneno ni yale yale kwa kila mutu. Siku moja sauti ilimuita mzee mumoja mwenye ndevu "mama yetu mupenzi". Tulimuzika hivyo.

Baba mukubwa hakuitwa tena.

Niseme wazi, Pasta Pitchou si mutu asiyesoma. Ana diplôme d'État, ile ya kumaliza secondaire, na alikaa université ya Lubumbashi muda murefu kuliko sisi wote tulivyokaa secondaire. Baba mukubwa alisema hilo ndilo lilimuuma. Mutu asiyejua akikataa karatasi, alisema, ana sababu.

Mara ya mwisho nilipomutembelea, Zacharia, mwenye mashua za kwenda Chisenga, alikuja kununua. Yeye ni mutu wa hapa, lakini Kiswahili cha biashara anakijua kutushinda.

"Ba Samba, batoto yangu haiendi tena masomo. Inavua. Mimi sikusoma, niko na mashua. Weye ulisoma, uko na nini?"

"Niko na chumvi. Unataka ya kopo ao ya kifuko?"

"Ya kopo. Na tena siku hizi telefone inatusomea. Unaiuliza, inakujibu na sauti."

"Inakujibu kweli?"

"Inajibu."

"Unajua namna gani kama ni kweli?"

"Inasema bila kusitasita."

"Hata weye unasema bila kusitasita," baba mukubwa alisema, akamupimia chumvi.

Zacharia alicheka sana. Alikuwa anakuja kila siku, hata wakati chumvi haijamuishia.

Alipoondoka nilimuuliza baba mukubwa kama kweli watu wanazidi kuwa wajinga. "Shule zimeongezeka," alisema. "Hapa watoto wanasoma bure, ni jambo kubwa, sisi hatukuona hivyo. Lakini zamani mutu asiyejua kusoma alivua kofia mbele ya yule anayejua. Kofia siidai. Sasa yule anayejua ndiye anaficha elimu yake, sawa vile mutu anaficha upele."

Mimi sijui kama alisema kweli. Nilimaliza secondaire na ninauza samaki kando ya wanawake ambao hawakuingia shule hata siku moja, na wanauza vizuri kuliko mimi. Lakini ni kweli kwamba wakiniona nasoma gazeti lililofungiwa sabuni, wananiuliza kama nyumbani kuna amani.

Siku hiyo, kabla sijapanda gari kurudi Mununga, alisema: "Régine, siku yangu, usome. Andika, simama, soma. Na kosa liwe ndani. Bila kosa mutazika mutu mwingine, na mimi nitabaki inje."

Nikasema ndiyo, baba. Mutu anasema ndiyo kwa mzee, anafikiri kuna wakati.

Basi kwenye kilio, Kashikishi, nilikaa kwenye mukeka kati ya wanawake na kuanza kuandika. Mama mukubwa Cadette, mujane wake, alikuwa amelala kando ya ukuta, kitambaa usoni. Wanawake waliniuliza nitaweka kosa gani, na kila mumoja akaleta lake.

"Andika alikuwa anasahihisha maombi," mumoja akasema. "Mutu anamulilia Mungu, yeye anamukata: si neema za, ni neema ya."

"Andika alikuwa anakopesha vitabu, kisha anakuuliza maswali."

"Mimi aliniuliza nikiwa na uchungu wa kuzaa."

Mama mukubwa Cadette akasema chini ya kitambaa: "Siku ya ndoa yetu padri alisoma jina langu vibaya. Yeye akamurudisha mwanzo. Misa nzima."

"Mama, ni kosa moja tu," nilisema.

"Basi chagua. Mimi nimechoka."

Niliandika, nikafuta, nikaandika. Alasiri Pasta Pitchou alikuja. Alisalimia wote, akaomba vizuri, akaniita pembeni.

"Dada Régine, nasikia unaandika."

"Ndiyo, Pasta."

"Makaburini hatusomi. Unajua sababu."

Alijigusa goti. Nilisema najua.

"Tutaweka video. Wewe utatoa ushuhuda mufupi, bila karatasi. Sema alikuwa mutu wa Mungu."

"Alikuwa. Na kosa lake?"

"Kosa linaenda kwa Mungu, dada. Haliendi kwa mikro, mbele ya watu."

Si mutu mubaya. Aliniwekea mukono kichwani, akaniombea nguvu, na nguvu zilikuja, siwezi kusema uongo. Lakini zilikuja na karatasi bado iko mukononi. Nililelewa kumutii muchungaji. Nililelewa pia na baba mukubwa. Nilikunja karatasi, nikaifunga kwenye pindo la kitenge, nikaomba Mungu anionyeshe nimuvunjie nani neno. Kesho yake, tulipoondoka na jeneza, nilikuwa bado sijajibiwa.

Makaburi yako juu ya kijiji, ziwa linaonekana. Watu walikuwa wengi, Wakongomani na watu wa hapa. Florentine alishika telefone kubwa juu. Muziki ulipiga, picha za baba mukubwa zikapita, na kijana akasema kwa sauti nene kwamba mzee wetu mupenzi hakuwa na doa. Video ikaisha. Pasta akawapa vijana ishara washushe jeneza. Mukono wangu ulikuwa kwenye pindo la kitenge, lakini sikulifungua.

Hapo Ba Misheck akasogea mbele. Ni mutu mufupi, hapandishi sauti. Alisema kwa Kibemba: bado. Vijana wakasimama na kamba mikononi.

Pasta hasikii Kibemba. Akanitazama mimi. "Anasema nini?"

"Anasema bado. Anasema hatujasoma."

"Mwambie tumeweka video."

Nikamwambia. Ba Misheck akajibu, na nikatafsiri, bila kuongeza neno: "Anasema video ameiona. Imesema hana doa. Anauliza huyo ni nani. Anasema aliyemujua yeye alikuwa anafuata watoto wa kijiji kuuliza kama wanaoga."

Pasta Pitchou alinisogelea. "Dada, ni yeye anasema hivi, ao ni wewe?"

"Ni yeye, Pasta."

"Ni yeye, Pasta," Zacharia akaita kutoka nyuma. "Tena anasema mubaya kuliko hivi. Dada anakuhurumia."

Ba Misheck akaongeza kwamba mutu huyu aliwasomea Wakongomani wote waliolala hapa, na ardhi hii ni ya kijiji chake, na hatamufunika mutu ambaye hajasomwa. Nikatafsiri hilo pia. Upepo ulitoka ziwani. Pasta aliangalia shimo, aliangalia goti lake, na nafikiri alitafuta kwa macho yule mukwe wa Mama Priscille, ambaye siku hiyo hakuja.

"Soma," akasema. "Polepole, wote wasikie."

Nilifungua pindo. Nilisoma kwamba Mulumba Albert alizaliwa upande wa Pweto, mutoto wa kwanza wa mvuvi asiyejua kusoma, aliyeuza nyavu zake ili yeye asome. Kwamba alifundisha bila mushahara. Kwamba alioa Cadette na hakumuacha. Kwamba alivuka ziwa na watoto wa mudogo wake waliofiwa, na mimi ni mumoja wao. Kwamba aliwaandikia marehemu wa watu wote na hakuomba kitu. Kisha nikasoma kosa: "Aliuliza watoto wa Kashikishi kama wanaoga, akidhani anawauliza kama wanasoma, na alipojua maana alikuwa amekwisha kugombanisha nyumba nyingi. Hakuomba musamaha. Alisema mambo yote mawili ni ya lazima."

Ba Misheck hajui Kiswahili kupita bei ya samaki, lakini alisimama bila kofia mpaka mwisho. Watu wa hapa waliulizana nimesema nini, wakaelezana, na kicheko kikazunguka kaburi polepole, upande mumoja kisha mwingine. Mama mukubwa Cadette alitoa kitambaa usoni, akacheka, halafu akaanza kulia kwa sauti, na wanawake wote wakalia naye. Zacharia alikuwa ananirekodi. Baadaye nilisikia vocal hiyo ilifika Pweto kabla ya jua kushuka.

Pasta Pitchou aliomba. Alisema "kwa neema ya Mungu wetu", na wanawake wa mukeka wakatazamana.

Wakashusha jeneza. Florentine alitupa udongo, mama mukubwa akatupa, nami nikatupa. Vijana wakajaza shimo kwa pelo, wakasawazisha kwa mugongo wa pelo, wakasimamisha musalaba wenye jina lake. Niliangalia jina. Liliandikwa vizuri.

Tuliteremka nyumbani. Mulangoni kulikuwa na beseni ya maji, kama kawaida baada ya kuzika. Ba Misheck alinawa mbele yangu, akanipisha, akaniuliza kwa Kibemba kama nimesamba. Nikasema ndiyo, nimesamba. Akaenda kukaa na wanaume.