Sauti Nilizotuma Bunda

Rafiki yangu alipopooza upande wa kushoto, mwanawe alikuja na gari la kukodi akamchukua kwenda kumuuguza kwake Bunda. Mimi ndiye niliyemfunga kanga siku hiyo, maana mkono mmoja haufungi kanga. Nikamwambia, "Nenda mke mwenzangu, wiki ijayo nakuja." Kutoka Musoma hadi Bunda siyo safari ya kuaga watu. Unatoka asubuhi, mchana umeshanawa mikono unakula ugali kwa wenyeji. Lakini wiki hiyo niliyoahidi ikaja kuwa mwaka na miezi juu yake.

Hatukuolewa na mwanamume mmoja. "Mke mwenzangu" ulikuwa utani wetu. Waume zetu walivua kwenye boti moja kule Mugango, na walilala ndani ya boti hiyo zaidi kuliko walivyolala kwetu. Yeye akasema, basi sisi wote tumeolewa na boti, tuheshimiane. Walipokufa, wa kwangu kwa homa na wa kwake kwa pombe, tukahamia Musoma mjini, tukapanga vyumba vinavyotazamana, tukaanza kuanika dagaa kwenye miamba ya ufukweni. Zaidi ya miaka thelathini. Watoto wangu walikuwaga wanakula kwake bila kuomba, na wa kwake wakikosea niliwachapa bila kuuliza.

Dagaa ni kazi ya jicho na mgongo. Unawamwaga juu ya nyavu wakiwa bado wanang'aa, unawageuza, unafukuza ndege, na muda wote huo jicho moja liko ziwani. Mtu akiona wingu limesimama kule juu ya maji anapiga kelele, "Anueni!" Na hapo huanui dagaa wako. Unaanua waliopo karibu na mguu wako, hata wawe wa nani. Mwaka mmoja mimi nilikuwa kliniki na mtoto, mvua ikaja. Yeye akaanua wangu kwanza, wake wakalowa, wakaoza, wakaenda kuwa chakula cha kuku. Nilipomwuliza kwa nini amefanya hivyo akasema, "Wa kwako walikuwa karibu." Uongo mtupu. Wangu walikuwa juu kabisa ya mwamba, mahali pa kupanda kwa magoti.

Sasa simu. Simu kubwa niliipata kwa mjukuu wangu wa kike. Huyu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Nilimsomesha kwa dagaa, na siku ya mahafali nilivaa viatu vilivyonibana nikasimama mbele kabisa ya watu, nionekane ni wa nani. Alirudi na cheti chake, akazunguka maofisi ya Musoma mpaka soli ikaisha. Kila ofisi inamwambia, tuma maombi kwenye mtandao. Anatuma. Mtandao haumwambii hapana, haumwambii ndiyo. Kukataliwa na mtu mwenye mdomo kuna afadhali, angalau unaweza kumtukana. Nilimwona mtoto yule anapungua kama sabuni. Halafu siku moja akasema, "Bibi, kama hawanitaki mimi, labda watawataka dagaa wako."

Akanipiga video napepeta kwa ungo. "Cheka, bibi. Watu hawanunui kwa mtu aliyenuna."

"Nacheka nini?"

"Cheka tu."

Nikacheka. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na wateja Dodoma, Arusha, Dar es Salaam, watu nisiowajua sura, na wananiita dia. Mimi, mwenye wajukuu tisa, dia! Lakini nisidanganye, nilipenda. Nimeishia darasa la nne, maisha yangu yote watu wenye shule wamekuwa wakinipita bila kunisalimia, na sasa walikuwa wananitumia mioyo myekundu. Asubuhi kabla ya kupiga mswaki nilikuwa nauliza, "Wangapi wamependa?" Wakiwa wengi, mgongo hauniumi. Wakiwa wachache, najiona nimezeeka tangu jana. Mjukuu wangu vilevile. Anainamia simu, anainuka, anainamia tena, kama kuku anayekunywa maji. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, kila mtu anacheka na watu wake.

Ndiyo sababu sikwenda Bunda. Mteja wa simu hasubiri. Ukichelewa kumjibu amehamia kwa mwingine, na huyo mwingine siyo wa mbali, yuko mwamba wa pili, unamwona kabisa naye ameinama. Nikisema kesho naenda, kesho kuna oda. Nikisema Jumapili baada ya ibada, Jumapili ndiyo siku watu wa mijini wanapumzika na kuagiza.

Mjukuu wangu akanifundisha dawa. Akanionyesha pa kubonyeza, unashikilia kidole, unaongea, ukiachia sauti imeshafika. Nikapewa namba ya mke wa yule kijana wa Bunda, maana rafiki yangu hakuwa na simu ya aina hiyo. Kuanzia hapo nikawa naongea na mwenzangu kila siku kwa lugha yetu ya nyumbani. Umeamkaje, mguu umeanza kusikia, wanakupa uji wa ulezi au wanakupa ule wa dukani? Nikishamaliza, baada ya muda linakuja dole gumba limesimama. Siku nyingine maua. Nikawa nasema moyoni, huyu anasikia, anaendelea vizuri, anapenda maua siku hizi. Mwezi wa pili ikaja picha yake amekaa kitandani. Nikawaonyesha wanawake wenzangu, nikasema, "Mimi na mwenzangu hatujaachana hata siku moja." Nilijisifu hivyo kwa mdomo huu.

Wakati wa vuli mvua ikaja na mimi niko ndani najibu watu. Hakuna aliyepiga kelele. Nilipotoka, maji yalikuwa yanatiririka juu ya nyavu zangu na dagaa wa siku mbili wamekuwa uji. Jirani yangu wa mwamba wa pili alikuwa ameshaanua wa kwake, amefunika na turubai.

Nikamwambia, "Umeona wingu ukanyamaza?"

"Mama, si niliandika kwenye grupu letu la dagaa!" Akanionyesha na simu yake. "Hii hapa. Nimeweka mpaka kiwingu."

"Kati yangu na wewe ni hatua ishirini!"

"Sasa mama, mimi nitajuaje kama huko kwenye grupu haupo?"

Nilimchukia kwa wiki nzima, halafu nikachoka, maana na mimi nisingepiga kelele. Ningefanya kama yeye.

Basi nikawa sina cha kuuza, na asiye na mzigo mtandaoni ni maiti. Siku tatu hakuna aliyeniita dia. Nikakaa mlangoni natazama kile chumba cha mbele alichokuwaga anakaa mwenzangu, sasa kuna fundi simu. Nikasema, acha niende Bunda. Nikajaza kindoo cha sado moja dagaa waliosalia ndani, wale wazuri wa mwamba wasio na mchanga, nikaondoka.

Mke wa kijana ana duka la vitenge. Nilimkuta amesimamisha simu juu ya majora anawaonyesha watu nguo, anaongea peke yake kama mchungaji. Alipomaliza akanipigia magoti vizuri tu. Mtoto wa Kisukuma, ana adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzangu yuko wapi?"

"Mama? Mama si yuko Butiama, kwa mjomba."

"Amekwenda kusalimia?"

"Hapana, anakaa huko. Tangu palizi ya mwaka jana. Hapa nilikuwa nashindwa, mama. Duka, watoto, na kumgeuza kitandani."

Nikasimama pale na sado yangu. Palizi ya mwaka jana. Mimi nimetuma sauti mpaka juzi.

"Na vidole? Vidole nilivyokuwa natumiwa?"

Akataka kucheka, akaziba mdomo. "Ni mimi, mama. Nilikuwa naona aibu kukuacha bila jibu."

"Alizisikia lakini, sauti zangu?"

Akafungua simu akanipa. Ujumbe wa watu umejaa kama njugu kwenye gunia, na katikati yake ni mimi, mstari juu ya mstari. Akanionyesha kile kialama kidogo cha pembeni, kinachobadilika rangi sauti ikishasikilizwa. Za mwanzo mwanzo zilikuwa zimebadilika. Chache. Nyingine zote zilikuwa vilevile nilivyoziacha.

"Lugha yenu siielewi, mama. Na simu ndiyo hii moja ya biashara. Nikajua ni salamu tu."

Ningemtukana ningejisikia vizuri. Lakini ningemtukania nini? Mimi mwenyewe nimeshawatumia vidole watu mia ambao sikuwasikiliza.

Siku hiyohiyo nikaunganisha Butiama. Nilifika jua limeanza kulegea. Rafiki yangu alikuwa uani kwa kaka yake, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwa mkono wa kulia. Amekonda. Macho ni yaleyale. Akaniangalia tangu getini mpaka nilipofika mbele yake, halafu akamwambia wifi yake:

"Amekuja mtu wa kwenye simu."

"Mke mwenzangu," nikasema.

"Nilikuwa nauliza kila anayetoka Musoma. Mwenzangu amekufa? Wakasema hajafa, tena amenenepa. Sikuamini, nikasema angekuwa hai angekuja. Mtoto wa jirani akaleta simu akanionyesha. Nikakuona unapepeta dagaa, unacheka."

"Nilikuwa nacheka kwa ajili ya wateja."

"Ndiyo. Nikaona."

Nikapiga magoti kwenye vumbi nikamweleza. Nikasema nilikuwa naongea na wewe kila siku, Mungu ni shahidi, zilikuwa zinabaki Bunda. Akawa anachambua maharage. Nikasema, subiri, zipo, simu yangu inazo zote, usikie mwenyewe. Nikatoa simu. Kulikuwa na moja ndefu niliyotaka aisikie, ya siku niliyompigia hadithi ya ile mvua ya zamani mpaka nikalia. Lakini sauti hazina sura. Zote ni mistari na kitufe, zinafanana kama dagaa. Nikabonyeza moja, kumbe nimefungua pa mtu mwingine, akatokea mteja: "Dia, mzigo wangu vipi, mbona kimya?" Nikarudi kwenye namba ya Bunda, nikabonyeza nyingine, nikajisikia mimi mwenyewe uani pale, sauti kubwa, ya furaha:

"Mke mwenzangu, umeamkaje? Mguu vipi? Huku upepo ni mwingi, na... ngoja, ngoja kuna mteja."

Nikabonyeza ya pili.

"Mke mwenzangu, nimekuota jana, tulikuwa Mugango... ngoja, anapiga huyu wa Arusha."

Ya tatu. Ya nne. Zote zinaanza vizuri na zote zinaishia hapo. Sikuwahi kujua. Ukiwa unaongea unajiona umeongea sana. Kwenye ya nne wifi yake alicheka, halafu akaona sura ya mwenzangu akaacha.

"Hata huko nako ulikuwa unaondoka," rafiki yangu akasema. "Zima."

Nikazima. Nikataka kukaa naye kwenye mkeka nimsaidie maharage, kama tulivyokuwaga tunafanya, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye ungo. Akauvuta ungo upande wake kwa ule mkono mmoja, taratibu, bila hasira. Angenipiga nao ningemshukuru.

"Wifi," akasema, "mleteeni mgeni kiti."

Kiti kikaletwa. Ikaletwa na chai, na sukari ikawekwa pembeni kwenye kikombe chake na kijiko, kama anavyowekewa mtu ambaye nyumba haijui anakunywa vipi. Miaka thelathini mwanamke huyu alinitilia sukari bila kutazama. Nilikunywa. Tukaongea habari za mvua, na bei ya maharage, na nani amefariki Musoma. Aliniuliza nauli ni kiasi gani siku hizi. Nilipoondoka alisema ahsante kwa dagaa.

Nimeshakwenda tena mara mbili tangu siku hiyo. Simu naiacha nyumbani, nakaa mchana kutwa. Hanifukuzi. Ananisalimia vizuri, anawaulizia wajukuu zangu wote mmoja mmoja, na kila nikifika tu, kabla sijainama kuvua viatu nikae naye chini, anaita watu wa ndani walete kiti.