Vigelegele katikati ya mtihani

Juzi kwenye tramu ya kwenda mtaa wa Forest, huku ugenini, mbele yangu walikaa mama mmoja wa kwetu Kivu na binti yake anayesomea kuimba opera. Walikuwa wametoka kwenye mtihani wake. Binti alikunja uso, simu mkononi, akingoja matokeo.

“Maman, kwa nini ulipiga vigelegele nikiwa katikati ya wimbo? Nikianguka, ni wewe!”

“Bon, nifanye nini? Unaimba bila mikro, sauti inafika mupaka nyuma kabisa, na watu wote kimya! Nikasema, masikini, mutoto wangu wanamukataa.”

“Huku watu wakipenda, wananyamaza.”

“Donc wakichukia wanafanya nini?”

“Wananyamaza pia.”

Mama akapiga makofi kwa mshangao, akanitazama mimi. Nilimwelewa. Kanisani kwetu, shangazi yangu alipoimba, wanawake walimjibu kabla hajamaliza mstari. Siku moja hawakumjibu, akarudi nyumbani akilia.

Simu ikalia. Binti akasoma, akafumba macho, akasema polepole, “Nimepita.” Papo hapo akamziba mama yake mdomo kwa kiganja, maana anamjua.

Lakini mimi, bibi nisiyejua kusoma hata noti moja ya muziki, hakuna aliyeniziba mdomo. Nikapiga vigelegele mpaka dereva akageuka.

Tramu nzima ikanyamaza. Kwa jinsi nilivyokuwa nimesikia, nikajipa moyo kwamba wamependa.