Papa Aliyepanda Mlima Kinyumenyume

Juzi nilikuwa natoka sokoni, napita Ndosho, hapa Goma, na kikapu changu, nikakuta watu wamesimama njiani wakicheka. Trekta ilikuwa inapanda mteremko kuelekea nyumba inayojengwa, imebeba mawe meusi ya volkano kwenye jukwaa la mbao mgongoni, na ilikuwa inapanda kinyumenyume. Dereva amejipinda shingo, anatazama nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Vijana wa pikipiki wakampigia honi, na mmoja akapaza sauti, "Muzee, macho ya mashini iko mbele! Geuza!" Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilitua kikapu chini nikalia. Naam, ndugu yangu, mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, nalia hadharani kwa sababu ya trekta.

Ngoja nikueleze, usije ukadhani nimerukwa na akili.

Nimekulia Kalengera, kando ya barabara kuu ya kaskazini, kwenye shamba la kahawa ambako papa, baba yangu, alikuwa dereva. Trekta ilikuwa moja tu, na ilikuwa nyekundu zamani za kale, kabla sijazaliwa. Kahawa ilimenywa na kuoshwa bondeni, kwenye kijito, halafu ilibidi ipandishwe juu kwenye meza za kuanikia, jirani kabisa na uwanja wa shule yetu. Sijui kama umewahi kubeba kahawa iliyotoka kuoshwa. Gunia lake linadondosha maji njia nzima, na uzito wake hauna huruma.

Papa alipanga magunia kwenye jukwaa lililoshikwa na mikono miwili ya chuma nyuma ya trekta. Aliliinua kidogo tu, lisiguse mawe. Kisha aligeuza trekta, mgongo ukatazama mlima, akapanda hivyo hivyo, polepole, kahawa ikitangulia na yeye akifuata. Kabla ya safari ya kwanza ya asubuhi aliitembea njia yote kwa miguu, anapiga teke mawe, anajaza udongo kwenye mashimo. Hakuna aliyeruhusiwa kudandia pembeni, hata mimi, hata nikilia. Nilipomuuliza kwa nini asipande kama watu, alinijibu kila mara kwa maneno yale yale: "Uzito ikuwe ku mulima, mama. Ukiiacha ku bonde, itakuvuta, magurudumu ya mbele itaangalia mbingu." Mama, ndivyo alivyoniita, maana nilirithi jina la mama yake.

Ah, msimu ule! Nikifumba macho bado nausikia. Bondeni kulinuka ganda la kahawa lililochacha, harufu tamu-chungu inayoshika nguo hata zikifuliwa. Tukitoka shule tulikwenda kwenye meza kugeuza kahawa kwa viganja, isiote ukungu, na kuchambua punje mbovu, huku akina mama wakisengenya nusu ya kijiji. Bibi yangu alitukuta pale na sufuria la maharagi na bugali uliofungwa kwenye jani la mgomba, ukiwa bado unafuka moshi. Tulikula kwa mikono yenye utelezi wa kahawa. Sijala chakula kitamu kama kile tena, na Goma hii nimekula mengi.

Lakini kijiji kilimwita papa "Nyumanyuma". Walianza wachukuzi wa magunia kwa utani, na yeye mwenyewe alicheka nao. Sikucheka mimi. Shuleni niliitwa "mutoto ya Nyumanyuma", na nikipita, wenzangu walitembea kinyumenyume nyuma yangu wakinguruma kama injini. Nikijibu swali darasani, kuna aliyenong'ona, "Tusome jibu toka mwisho." Leo naona walikuwa na akili. Wakati ule nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Nilipokuwa mwaka wa tano, mwalimu alininong'oneza kwamba nimekuwa wa kwanza. Matokeo yangesomwa kwenye proklamasio, siku ile ya mwisho wa mwaka ambapo wazazi wote hukaa uwanjani na kila mtoto huitwa kwa jina na nafasi yake. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba kahawa ya mwisho ingepandishwa asubuhi hiyo hiyo, mbele ya macho ya shule nzima. Alfajiri nikamfuata papa akinywa uji jikoni. Bibi alikuwa anapuliza moto.

"Papa, leo upande mbele-mbele, sawa bengine. Mara moja tu. Batu yote watakuwa pale."

Alitua kikombe cha uji. "Unasikia haya juu yangu, mama?"

Ningeweza kusema hapana. Niliinamisha kichwa tu, na mtoto akiinamisha kichwa mzazi anaelewa. Bibi akasema mvua imenyesha usiku, njia imelainika, mwache mtoto na maneno yake. Papa akamaliza uji, akavaa kofia, akatoka.

Tulikuwa tumepanga mistari uwanjani niliposikia injini. Nikachungulia bondeni. Trekta ilikuwa imetuelekezea uso. Wachukuzi walipiga mbinja, wenzangu wakanigeukia wakiwa wamepigwa na butwaa, na mimi nikainua kidevu. Nakiri mbele yako: kwa hatua kama kumi hivi za mlima ule, nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Kalengera.

Kisha magurudumu ya mbele yakaondoka ardhini.

Hayakuruka. Yaliinuka taratibu, hata ungedhani kuna mtu anayainua kwa mikono, na pua ya trekta ikatazama mawingu. Nilimwona papa amelala chali kwenye kiti chake. Mama mmoja akapiga yowe. Papa akakanyaga klachi, akavuta mkono wa kushusha mzigo, jukwaa likabwaga magunia matopeni, na mbele ya trekta ikarudi chini kwa kishindo kilichonifikia miguuni. Magunia yakapasuka. Kahawa ya siku tatu ikateremka na tope mpaka kijitoni, na maji yakaichukua.

Mwenye shamba alifika mbio. Sisi sote tulisikia. "Miaka yote unapanda nyuma. Leo nani alikutuma upande vile?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu. Papa hakuniangalia hata kidogo.

"Hakuna mutu, patro. Ni miye mwenyewe. Nilitaka kujionyesha."

Wiki ile ile trekta alipewa dereva mwingine, na papa akapewa ufunguo wa geti la ghala. Hakuikalia tena maisha yake yote. Lakini siku ile mwalimu aliposoma jina langu, wa kwanza, nilimwona nyuma ya wazazi, suruali imejaa tope mpaka magotini, anapiga makofi kuliko wote. Jioni bibi aliniwekea chakula bila kunisemesha. Jina la Nyumanyuma likafa lenyewe, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuitwa hivyo. Ndilo nililolitaka, na nilipolipata nikakosa usingizi.

Baadaye tulikimbia vita, tukaja Goma na magodoro kichwani. Nasikia meza za kuanikia ziligeuzwa kuni na mlima umemezwa na majani. Bibi alizikwa mbali na mji wake. Papa naye alifariki, hapa hapa Ndosho, kwenye nyumba ya mbao. Miaka yote ile tulikula pamoja, tukacheka pamoja, na hakuwahi kunikumbusha. Mimi nami kila siku nilijiambia nitamwomba msamaha kesho, mpaka kesho zikaisha.

Ndiyo maana juzi nililia. Dereva alipofika juu na mawe yake salama, nilimfuata. Nikamwambia, "Papa, usiwasikilize. Pandaka vile vile." Akacheka, akaniuliza nimejulia wapi mambo ya trekta. Nikamjibu kwamba papa wangu alikuwa dereva, kule Kalengera.

"Naye alikuwa anapanda nyuma?"

"Ndiyo," nikasema kwa sauti, vijana wa pikipiki wote wasikie. "Miye ni mutoto ya Nyumanyuma."