Wati Ambazo Sikuzisoma

Juzi kwenye maabara ya shule jamaa mmoja aliunganisha waya vibaya makusudi ili tucheke, na kweli tukacheka, mpaka kifaa kikatoa moshi. Harufu iliponifikia nikawa wa kwanza kunyamaza, na mwalimu wa fizikia akaniuliza kama naumwa. Unaijua harufu ya kitu cha umeme kilichoungua? Inakaa kooni kama umemeza sarafu. Mimi hunirudisha mtaa wa Ramadhani, hapa hapa Njombe mjini, kwenye chumba cha mbele cha bibi, nikiwa darasa la sita.

Chumba kile kilikuwa studio ya mjomba. Studio ni neno kubwa, lakini yeye alilipenda: kompyuta moja ya mezani, pazia la bluu na picha za maharusi ukutani. Alirekodi harusi na ubatizo, kisha akakaa kuzihariri amejifunga blanketi kiunoni. Baridi yetu ya mwezi wa saba unaijua mwenyewe, ukungu unaingia hadi kwenye chai. Bibi alisema chombo kinachokula umeme namna ile lazima kifanye kazi ya maana, akaweka boksi la vifaranga nyuma ya kompyuta, pale feni inapotoa hewa ya moto. Basi maharusi walilishana keki kwenye kioo huku vifaranga wakilia, na chumba kizima kikanuka pumba na vumbi la moto.

Mwaka huo mama jirani alifiwa na mumewe. Wiki chache kabla ya msiba, mjomba alikuwa amerekodi ubatizo wa mtoto wao wa kike, na baba mtu alikuwemo humo kuanzia kanisani hadi nyumbani, anaongea, anacheza. Nje ya hapo marehemu aliacha picha moja tu ya kitambulisho, amekodoa macho kama amekamatwa. Kila Jumapili baada ya misa mama jirani aliingia na salamu yake ya kamwene na viazi kwenye kikapu.

"Mwanangu, baba yake mtoto bado?"

"Bado, mama. Kompyuta inasuasua."

Haukuwa uongo. "Inataka kadi ya picha," mjomba alituambia. "Hii iliyomo ni ya kuandikia barua." Kamera yake ilikuwa na memori kadi moja, na ilishafutwa kwa ajili ya harusi nyingine. Kwa hiyo yule baba alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani: kwenye diski ya kompyuta ile.

Mjomba akauza viazi vyake, akaenda Makambako kwa muuza kompyuta za mtumba. Akiwa huko akanipigia kwenye simu ya bibi. Nyuma yake nilimsikia muuzaji akisema kadi hiyo inataka pawasaplai ya wati mia tano, si chini.

"Zima kompyuta," mjomba akasema. "Fungua skrubu nne za nyuma, vuta lile boksi la umeme. Ubavuni pana karatasi. Nisomee wati."

Sasa mimi nilikuwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwenye mchezo wa magari, naongoza. Tena vifaranga wangehitaji kuhamishwa, na bisibisi sikujua iko wapi. Nikagongagonga meza kwa kijiko ili isikike kama kazi inafanyika.

"Mia tano, mjomba. Imeandikwa kubwa kabisa."

"Una hakika?"

"Mjomba, hata kipofu angeisoma."

Nikamsikia akimwambia muuzaji, "Mpwa wangu huyo. Kichwa."

Kadi ilikuja, nzito, ina feni mbili, pamoja na waya wa kuungia kwa sababu boksi letu halikuwa na plagi yake. Hilo peke yake lingemshtua mtu, maana boksi la mia tano huja na plagi hiyo, lakini mjomba alikuwa na mia tano zangu kichwani. Siku mbili picha zilitembea vizuri. Baada ya hapo, kila kazi ilipokuwa nzito, kompyuta ilijizima. Mjomba akalaumu umeme wa Njombe. Bibi akachomoa stabilaiza ya friji yake, akaileta kifuani kama mtoto.

"Chukueni, mkiongezee nguvu."

Stabilaiza hutuliza umeme unaoingia. Haiwezi kulifanya boksi dogo libebe mzigo mkubwa. Hayo nimeyajua baadaye, lakini siku ile nilijua kuwa ile karatasi sikuisoma. Nikafungua mdomo niseme, ukatoka mzaha: "Bibi, na mimi nichomeke humo, nina mtihani wa hesabu." Wakacheka wote.

Jumamosi mchana mjomba alibonyeza ili video ya ubatizo itoke kamili, mama jirani aichukue kesho yake. Tulisikia mlio mmoja, kama bisi inapopasuka, kisha moshi. Vifaranga wakanyamaza. Mjomba alifungua zile skrubu nne, akalivuta boksi, akalipeleka dirishani.

"Mia mbili na hamsini," akasoma, taratibu. Kisha akaniangalia. "Wewe ulisoma wapi?"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Boksi lilipokufa liliondoka na diski. Fundi wa Makambako aliiweka sikioni, akaitikisa, akairudisha.

Mama jirani alipokuja, mjomba alimwambia kompyuta imeungua. Hakunitaja.

"Hata sauti tu, mwanangu?"

"Hata sauti, mama."

Alimimina viazi vyake kwenye beseni la bibi, akashukuru, akaenda.

Studio haipo tena. Bibi amempangishia chumba fundi cherehani, na mjomba yuko Makambako anauza mbao, kamera hashiki. Yule mtoto sasa ana miaka mitano. Muhula uliopita alinikuta bombani.

"Kaka, mama anasema wewe ulimwona baba kwenye kompyuta. Alikuwa anachezaje?"

Nikaweka ndoo chini, nikamwonyesha: bega moja limeshuka, mkono umeshika kola ya koti, anazunguka huku anamwita mkewe kwa kidole. Hakucheka. Akasema, "Rudia."

Nimerudia mara nyingi tangu siku hiyo. Kwa nini video haipo, sijamwambia. Wiki iliyopita nilishusha bega la kushoto, na nikiwa katikati ya kuzunguka nikajiuliza kama mwanzoni halikuwa la kulia. Mtoto aliendelea kutazama, ametulia. Yeye hana pa kulinganishia, na sasa hata mimi sina.