Kiluhya Kwenye Intavyuu

Kakamega, Jumanne, 1997

Rose na wenzangu,

Leo nimeambiwa niongee Kiluhya, nikaogopa!

Nilikuwa naomba kazi ya mapokezi hospitalini. Tangu tumzike mama, naihitaji sana.

Kiingereza nilijibu. Kiswahili pia. Kisha matroni akasema, "Sasa nisalimie kwa Kiluhya, kana kwamba mimi ni nyanya mgonjwa kutoka kijijini."

Jamani, nikageuka kwanza nione nani ananisikia!

Mnakumbuka kile kibao tulichovishwa shingoni shuleni kwa kuongea Kiluhya?

Matroni akacheka. "Hata mimi nilikivaa, msichana wangu. Hapa hakipo. Nyanya zetu wanataka mtu wa kuwaelewa."

Nikamsalimia vile mama alivyokuwa akikaribisha wazee, akiwapangusia kiti kwa leso: "Mulembe, kukhu."

Naanza Jumatatu.

Nani alikivaa kile kibao mara nyingi kuliko mimi? Semeni ukweli.

Na mnikumbuke kwa maombi.