Umri wa Kwenye Karatasi

Mwaka 1993, bia za kopo zilipoanza kuingia nchini kwa wingi, mkuu wa kambi ya jeshi alimokuwa Nyanda Masunga alitoa amri: askari ambaye hajafikisha miaka ishirini na moja asiuziwe bia kantini. Karatasi za Nyanda zilisema ana kumi na tisa. Haikuwa kweli. Baba yake, mfugaji wa Shishiyu, alimpunguzia miaka miwili ili apokelewe darasa la kwanza, kwa kuwa alikuwa amepita umri.

Kasmiri, rafiki yake wa kijiji hichohicho, alikuwa mdogo kwake, ila kwenye fomu za jeshi alijiongezea umri. Basi kila Jumamosi alikaa kantini na makoplo, kopo mkononi, wakimwita "mzee Kasmiri". Nyanda alimtazama dirishani. Huyu nilimfundisha mimi kuchunga ng'ombe, aliwaza. Leo yeye ndiye mtu mzima!

"Vumilia, kaka," Kasmiri alimwambia akitoka. "Miaka miwili si mingi."

Maneno hayo yalimchoma. Akawafuata vijana wenzake nyuma ya uzio, kwa mama muuza gongo.

Alipokwenda likizo kijijini alipita parokiani, akaomba cheti cha ubatizo cha Kasmiri, chenye mwaka wake halisi wa kuzaliwa, kana kwamba katumwa naye. Aliporudi kambini akakisukuma chini ya mlango wa mkuu, bila kuandika jina lake.

Kasmiri alifukuzwa kantini, na cheo alichokuwa akikingojea kikasimamishwa.

"Nani kanifanyia hivi, Nyanda?"

"Sijui."

Kasmiri naye akaanza kwenda nyuma ya uzio. Nyanda alifurahi kumwona kule: sasa wamelingana. Haikupita miezi mitatu, gongo mbovu ikaua askari wawili na kumpofusha Kasmiri. Nyanda siku hiyo alikuwa lindoni.

Yeye ndiye aliyetumwa kumrudisha Shishiyu. Mama yake Kasmiri alikuja mbio, akamkumbatia mwanawe, na wanawake wa jirani wakajaa uani wakilia.

"Mayu," Kasmiri alimwambia mama yake, hajauachia mkono wa Nyanda, "huyu hajaniacha hata siku moja."

Hakuna aliyemtazama Nyanda. Wote walikuwa kwa Kasmiri, na wivu ukampanda tena kifuani, hata akajiogopa. Akafungua kinywa ili aseme ukweli.

"Jua limezama?" Kasmiri aliuliza.

"Bado," Nyanda alijibu. Kesho yake alirudi kambini, ukweli akiwa nao mwenyewe.