Kinyozi Anunua Boti

Mtu akisimama miaka mingi nyuma ya vichwa vya watu wengine, ipo siku miguu yake humvuta pembeni na kumwambia ukweli. Miguu ya kinyozi huyu iliongea Jumamosi moja, katikati ya kichwa cha karani wa benki, upande wa kushoto ukiwa umeshanyolewa na wa kulia bado unasubiri. Ilivimba mpaka ikavikataa viatu. Alimalizia upande wa kulia akiwa ameliegemea bega la mteja, na karani, ambaye hakuzoea kuegemewa bila dhamana, alitoka bila hata kujitazama kwenye kioo.

Daktari alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akalitazama shimo likichelewa kujaa.

"Kazi ya kusimama basi, mzee wangu."

"Nifanye ipi?"

"Ya kukaa," alisema daktari, ambaye mwenyewe alikuwa amekaa, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Nyumbani, mkewe aliipokea habari hiyo bila kuinua mguu kwenye cherehani. Yeye alikuwa mshonaji, amekaa tangu usichana wake, na kilichochoka kwake ni macho. Ungewachukua wale wawili ungeweza kutoa mtu mmoja mzima, mwenye macho ya kinyozi na miguu ya mshonaji, ila mtu huyo naye angeomba kwanza alale.

"Kaa hapa nyumbani, baba watoto."

"Nikae namtazama nani?"

"Mimi."

Alilifikiria hilo kwa heshima inayostahili. Lakini cherehani moja haiwezi kubeba nyumba nzima, na wote wawili walijua, kwa hiyo halikurudiwa.

Wazo la boti lilimjia akiwa mlangoni pa duka lake. Mji wao umekatwa na maji, na daraja liko mbali, hivyo watu wa sokoni huvushwa kwa boti ndogo za injini. Kila siku aliwaona. Abiria wamesongamana, magunia yako juu ya magoti, kuku wanalalamika, mama mmoja anadai amepunjwa chenji, na katikati ya vurugu hiyo yote mwenye boti amekaa. Anashika usukani kwa mkono mmoja, amekaa. Anagombana na mtu, amekaa. Anapiga miayo, bado amekaa. Kinyozi alikuwa ameyaona maisha ya watu wengi kupitia vioo, lakini hakuwahi kuona kazi iliyomfaa namna ile.

Akaliuza duka kwa kinyozi kijana mwenye spika kubwa kuliko kabati, wakakubaliana amwachie mwisho wa mwezi. Fedha ile, pamoja na akiba ya mkewe, ilitosha boti moja ya mtumba, na ya pili haikuwamo. Wakikosea, kinyozi angerudi kuomba ajira kwenye duka alilouza, nyuma ya kiti kilekile, kwa miguu ileile.

Kwa kuwa hakujua lolote kuhusu boti, familia ilimpa mtaalamu. Mtaalamu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye zamani aliwahi kukata tiketi za meli kwa msimu mmoja. Kazi hiyo aliifanya ndani ya kibanda, nchi kavu, lakini kibanda kilitazama majini, na tangu hapo alizungumza kama mtu aliyeponea chupuchupu kwenye dhoruba kadhaa.

"Shem, wewe nyamaza tu," alimwambia asubuhi hiyo. "Wauzaji wa boti wakijua huna uzoefu, wanakula nyama wanakuachia mfupa. Niachie mimi mdomo."

Hilo halikuwa gumu. Kinyozi alikuwa mtu wa kuitikia. Mwenye wembe shingoni pa mtu habishani naye, wala mwenye shingo hathubutu kumbishia, kwa hiyo katika ufundi ule watu wote hukubaliana. Alikuwa amewaitikia wateja wa vyama vyote, wenye wake wabaya na wenye wake wema, na mmoja aliyeamini kwamba jua limepunguzwa ukali makusudi. Kuitikia kulikuwa sehemu ya huduma, kama taulo.

Boti za mtumba ziliuzwa kwenye uwanja wa wazi nyuma ya karakana ya mbao. Mwenye uwanja aliitwa Bado, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Alikuwa mtu mzito, mwenye kofia ya kusuka, aliyeonekana kama ameombwa mambo mengi maishani mwake na kuahirisha karibu yote. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na uwanja ulikuwa tope. Boti zilikaa wima juu ya magogo, matumbo yakining'inia juu ya tope, hakuna hata moja iliyofunikwa. Mbili tu zilikuwa ndani ya uwezo wao.

Ya kwanza ilikuwa ya buluu, inang'aa, na ndani yake mlikuwa mkavu kama sebule ya wageni. Nyuma, mahali pa mshika usukani, palikuwa na kiti. Si ubao, kiti: kina godoro, kina mgongo, kina mahali pa kuweka mikono. Kinyozi alikitazama kiti kile jinsi watu wengine wanavyotazama picha za watoto wao walio mbali.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, rangi imebabuka, haina kiti wala mfano wake. Maji ya mvua yalikuwa yameijaa hadi karibu na ukingo, meusi, yenye majani yaliyooza na viluwiluwi waliokwisha kuzoea makazi.

Shemeji alizigonga zote mbili kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hii ya kijivu marehemu," alitangaza. "Huoni maji hayo? Boti ina maji ndani tukiwa nchi kavu, tukiiweka majini itakuwaje?"

Kinyozi akaitikia. Maneno yaliingia akilini bila kugonga mlango.

"Hii ya buluu sasa. Imewahi kuzama?"

"Bado," alisema Bado.

"Mbao zimeoza?"

"Bado."

"Na injini imechoka?"

"Injini ni ya kuhama. Boti utakayochukua, ndiyo nitakayoifungia. Injini iko kule kwenye pipa la maji, njoo usikilize."

Bado na shemeji wakaenda kusikiliza injini. Njiani shemeji alikwisha kutoa simu na kumpigia dada yake. "Dada, tumepata. Ya buluu. Ina kiti kama cha mkurugenzi. Usijali, mimi niko hapa."

Kinyozi alibaki na boti. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mnunuzi mwingine asingelifanya. Kinyozi hawezi kusimama karibu na uchafu. Kichwa kimoja kikitoka, nywele zinafagiliwa kabla kingine hakijakaa. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo tangu ujana bila kumwomba ruhusa. Maji yale meusi yalimkera. Palikuwa na ndoo iliyopasuka ukingo, imening'inizwa kwenye gogo. Aliichukua, akaanza kuchota na kumwaga. Hakuwa na nia ya kuinunua boti ile. Alikuwa anafagia tu.

Bado alimwona kutoka kando ya pipa. Akaja polepole.

"Fundi, unanunua boti au umeajiriwa hapa?"

"Samahani, bosi. Nimeona pachafu."

"Endelea tu. Ukimaliza hiyo, kuna choo upande wa pili."

Aliendelea. Maji yalipofika magotini mwa boti, ikiwa boti ina magoti, miguu yake ilimkumbusha mapatano yao na daktari. Akapanda, akakaa kwenye ubao wa katikati, viatu vikiwa ndani ya maji yaliyobaki. Ulikuwa ubao mgumu, umelowa, na unyevu wake ulipenya suruali mara moja. Alikaa hata hivyo. Kutoka pale aliiona boti ya buluu yote, na kile kiti.

Aliitazama kwa uchovu, bila kutafuta kosa, jinsi anavyotazama kichwa cha mteja anayesubiri zamu. Ilipakwa rangi karibuni. Tena rangi ilikuwa nzito pale mbao zilipokutana, nyepesi kwingine, kama kichwa cha bwana harusi mwenye umri, aliyetiwa weusi mwingi kwenye panja ambako mvi huanzia. Vichwa vya namna hiyo alikuwa amevitengeneza mwenyewe, vingi, usiku wa kuamkia harusi. Hakuwahi kumlaumu mtu. Wala maharusi wa kike hawakuwahi kuja dukani kuuliza.

Kisha likamjia swali, polepole, kama mgonjwa anayepanda ngazi. Mvua ilinyesha wiki nzima. Uwanja hauna paa. Hii niliyoikalia—

Alianza upya. Hii niliyoikalia ilijaa. Ile iko hatua chache tu kutoka hapa, mvua haikuiruka. Maji yake yako wapi?

Akainama kidogo, akachungulia chini ya boti ya buluu. Kwenye tope palikuwa na vijifereji, vyembamba, vimepangana sawasawa na mistari ya mbao.

"Bosi," aliita. "Tangu mvua ianze, hii ya buluu umeitoa maji?"

Bado alimtazama muda mrefu. Hakuonekana kukasirika, wala kufurahi. Alionekana kama mtu anayeulizwa saa.

"Bado," alisema.

Shemeji alirudi akijifuta mikono, uso umejaa habari njema za injini. Kinyozi alijua kinachofuata na tayari alikuwa amechoka nacho. Maishani mwake hakuwa amempinga mtu mzima ana kwa ana, hasa mtu mwenye fahari, hasa ndugu wa mke. Kuitikia kungechukua nusu dakika, kisha angepata kiti, pengine hata angekaa kwenye kiti kile kwa wiki mbili au tatu kabla ya kufika chini ya maji. Alikipima kiti kile mara ya mwisho.

"Shemeji," alisema, "nisaidie kitu kimoja. Miguu yangu haiwezi. Chota maji humu, umwage mle kwenye ya buluu."

"Ya nini?"

"Nataka kuona tu."

"Shem, boti haimwagiwi maji kwa ndani. Inawekwa majini kwa nje. Hilo hata mtoto anajua."

"Najua. Nisaidie."

Shemeji alimwangalia Bado akitafuta mwenzake wa kucheka, lakini Bado alikuwa anatazama mawingu. Akakunja suruali, akachota. Ndoo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Alipomwaga ya tatu alisogea karibu ili asirushiwe, na akasimama pale pale ambapo asingepaswa. Maji yalishuka juu ya viatu vyake, mistari mizuri iliyonyooka, kutoka chini ya boti, kama bomba la kuogea.

Shemeji alitazama viatu, kisha boti, kisha viatu.

"Hiyo ni kupumua," alisema hatimaye. "Mbao lazima zipumue. Zikikaa majini zinavimba, zinajifunga zenyewe."

"Zinavimba kweli," alikubali Bado kwa upole. "Hizo zingine. Hizo hapo zimeshavimba mpaka zimechoka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniuliza imezama? Haijazama. Iko juu ya magogo."

Kinyozi alitoa wembe wa mfukoni, akauchokoza ubao wa ile ya kijivu mahali maji yalipokuwa yamesimama, chini kabisa. Ncha haikuingia. Akajaribu mahali pengine, ikakataa tena. Hakujua la kufanya zaidi ya hapo, akaurudisha wembe mfukoni.

"Nitachukua hii," alisema.

"Nimeshamwambia dada ni ya buluu," alisema shemeji, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko asubuhi. "Atasema nilitaka kumuulia mume."

"Mwambie tulibadilisha rangi."

"Na kiti?"

Kinyozi alinyoosha mkono kuiomba ndoo, akaendelea kuchota maji yaliyobaki.

Mkewe alifika jioni, baada ya kumaliza sare za shule alizokuwa ameahidi, amefunga kitambaa kichwani na miwani yake mikononi. Alimtazama mdogo wake, akaviona viatu vilivyolowa, akaamua kutouliza. Aliizunguka boti ya kijivu akiipapasa kwa kiganja, kwenye maungio ya mbao, kama anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Kiti kiko wapi?"

"Hamna," alisema kinyozi. "Kipo kwenye ile inayovuja."

"Sasa umeacha kiti."

"Nimeacha."

"Na boti tunanunua kwa ajili ya kukaa."

"Ndiyo, mama."

Alivaa miwani, akaichungulia ile ya buluu na vijifereji vyake chini. Kisha akavua kandambili, akaziweka ukingoni, na kupanda kwenye ile ya kijivu. Akaketi kwenye ubao. Ulikuwa bado umelowa. Alijisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akaukagua kwa makalio yaliyokaa kazini maisha yake yote na yaliyojua yanachosema.

"Unaumiza," alisema.

"Najua."

"Nitashona godoro. Mabaki ya sare yapo." Akapiga ubao kwa kiganja. "Haya, panda. Umesimama nini?"

Alipanda. Shemeji alikwenda na Bado kufungua injini kwenye pipa, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu kupumua kwa mbao. Mume na mke walikaa bega kwa bega ndani ya boti juu ya magogo, mume miguu ameinyoosha mbele, mke macho ameyafumba. Giza lilikuwa linaanza kuingia uwanjani. Bado alirudi na funguo za lango.

"Fundi, nataka kufunga."

"Sawa, bosi," alisema kinyozi, na hakuinuka.